Mama Hapana na Swali la Kumi na Saba

Jumanne, tarehe 11 Machi. Manyunyu tangu alfajiri, yakakatika saa mbili na robo. Baada ya hapo jua kali, na mvuke ukipanda kwenye lami ya uani.

Dirisha la upande wetu halifungi sawasawa, kwa hiyo meza ya mwanamke ninayemwandika ilikuwa imelowa kwenye kona moja. Alifika saa moja na dakika arobaini, kama kila siku. Akaifuta meza kwa kitambaa, akasukuma mkoba chini ya kiti, akawasha kompyuta.

Kazini tulimwita Mama Hapana. Mtaani, ambako mimi ninakaa nyumba ya nne kutoka kwake, anaitwa Mama Mapacha, kwa ajili ya mabinti zake wawili walioolewa mbali. Ana miaka hamsini na minne. Kwa miaka kumi na saba alipokea sampuli kwenye dirisha la maabara yetu: mirija ya damu, vikopo vya mkojo, makohozi yaliyofungwa vibaya. Hakuwahi kuchanganya hata moja. Miaka miwili iliyopita wakubwa waliambiwa kwamba maabara inayotunza majibu ya wagonjwa kwenye kompyuta lazima iwe na mtu wa kuhakiki usalama wa taarifa hizo. Wakamtoa dirishani, wakampa kiti, programu na mafunzo ya siku nne.

Programu yenyewe si ngumu kuieleza. Kila idara ni mradi mmoja, nasi tuna idara tisa. Ukifungua faili la mradi, upande wa kushoto unaona maswali mia mbili na kumi na manne. Je, chumba cha mitambo kina kufuli? Je, mfanyakazi aliyeacha kazi ameondolewa kwenye mfumo? Upande wa kulia unaandika Ndiyo au Hapana, na chini yake ushahidi. Wengi wakipewa kazi ya namna hiyo huandika Ndiyo kuanzia juu mpaka chini, wakamaliza kabla ya chai. Yeye aliinuka, akaenda akakishika kitasa cha mlango, akakitikisa, akarudi akaandika Hapana. Jina lile lilimpata mwezi wake wa kwanza kwenye kazi hiyo.

Mumewe alikuwa dereva wa malori mpaka figo zilipomwacha njiani. Sasa husafishwa damu hospitalini kila Jumatano na kila Jumamosi, saa nne asubuhi, kwa kadi ya matibabu ya mkewe. Mkataba wake mpya wa kazi ya uhakiki ulikuwa unangoja kitu kimoja: ukaguzi wa kutoka nje upite salama. Ukipita, mkataba unasainiwa na kadi inaendelea. Usipopita, kadi inakufa mwisho wa mwezi. Ofisi nzima ilijua, kwa sababu Tai alilisema kwenye kikao, mbele ya watu wote, huku akitafuna karanga.

Tai ni meneja wetu. Wengine wanasema jina limetokana na tai anayoivaa hata siku za joto. Wengine wanasema ni yule ndege.

Mkaguzi alikuwa anakuja Jumanne hiyo hiyo, saa nane mchana. Saa mbili na dakika tano Mama Hapana alifungua mradi wa Mapokezi ili aupitie mara ya mwisho. Jina la mradi lilitokea juu. Chini yake palikuwa peupe. Hakuna swali, hakuna jibu. Akafunga, akafungua tena. Akafungua mradi wa Damu, wa Vimelea, wa Hazina ya Sampuli. Vilevile. Yote tisa ilifunguka mitupu.

"Jirani," aliniita kwa sauti ya chini, "hebu njoo unitazamie. Labda ni macho yangu."

Hayakuwa macho yake.

Hakupiga kelele. Alichukua kipande cha karatasi akaandika alichokiona na saa yake, kisha akaanza kupunguza sababu moja moja, kama mtu anayetafuta mchwa nyumbani. Kwanza alizima kompyuta, akaiwasha. Peupe. Akajaribu mafaili yale kwenye kompyuta yangu ya masjala. Peupe. Kisha akatazama uzito wa kila faili kwenye folda.

"Ona," alisema. "Faili tupu haliwi na uzito huu. Hili la Mapokezi ni zito kuliko Ijumaa. Kitu kimo ndani."

Wakati huo habari ilikwisha kutembea. Watu wakaanza kusogea na vikombe vyao vya chai. Saa mbili na dakika hamsini Tai akaingia.

"Kuna nini? Mbona mmejaa hapa kama msibani?"

"Miradi inafunguka mitupu, meneja. Lakini majibu yamo, ila—"

"Mitupu?" Tai alivuta kiti, akakaa yeye kwenye mashine, akafungua mradi mmoja baada ya mwingine, akihesabu kwa sauti ili hata walio mbali wasikie. "Moja, peupe. Mbili, peupe." Akafika tisa. "Tisa kwa tisa. Hongera, mama. Miaka miwili tunasikia kaka-kaka-kaka ya kibodi, tukadhani kazi inafanyika. Kumbe unapiga kinanda."

Walicheka. Binti wa mapokezi, aliyefundishwa kufunga mirija na mwanamke huyo huyo, alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Mama Hapana, kazi umeifanya?" mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Hapana!" wakaitikia wengine.

Yeye alingoja wamalize. "Meneja, naomba muda kidogo. Sababu nitaiona."

"Nakupa mpaka saa sita. Ikifika saa sita na bado ni peupe, nitampigia mkaguzi simu mwenyewe, nimwambie aliyepewa kazi hakuifanya." Alisimama akanyoosha tai yake. "Mzee nyumbani hajambo, lakini?"

"Hajambo."

"Msalimie."

Walipoondoka alifanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Alilifungua faili la mradi kwa programu ya kawaida ya kuandikia, ile isiyojua maswali wala majibu, ambayo inaonyesha kilichomo jinsi kilivyo. Ikatokea misitu ya alama na namba. Akashuka nayo polepole, kidole kwenye skrini. Katikati ya ule msitu tukaanza kuyaona maneno yake. *Hapana. Kitasa kimelegea, mlango unafunguka kwa kusukuma. Hapana. Mhudumu aliyeacha kazi Juni bado ana jina kwenye mfumo.*

"Haya hapa," alisema. "Hayajapotea."

Akapanda juu kabisa ya faili. Mstari wa nne ulitaja mahali maswali yanapokaa. Hapo ndipo tulipoelewa. Faili la mradi linabeba majibu tu. Maswali yanakaa kwenye folda nyingine, na programu ikikosa swali haina mahali pa kulitundika jibu, kwa hiyo haionyeshi kitu. Ni kama koti na msumari. Ukiung'oa msumari koti lipo, lakini ukutani hulioni.

Folda ya maswali, kwa mujibu wa ule mstari, ilikuwa ndani ya akaunti iliyoitwa Maabara1.

Aliuegemeza mgongo kwenye kiti.

Maabara1 ilikuwa akaunti ya watu wote. Zamani Fundi wetu wa kompyuta, kwa uvivu, alitengeneza akaunti moja kwa wafanyakazi ishirini na sita, akabandika neno lake la siri kwenye ubavu wa printa. Mama Hapana alipowekewa programu, iliwekwa humo, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Kisha akafika kwenye swali la kumi na saba: *Je, kila akaunti inatumiwa na mtu mmoja tu?* Aliandika Hapana kwenye miradi yote tisa. Fundi akapewa barua ya onyo. Ijumaa, tarehe 7 Machi, Maabara1 ikafungwa, na jioni hiyo, programu ikiwa bado iko wazi mbele yake, Mama Hapana akafuta Hapana tisa akaandika Ndiyo tisa, na chini yake kwamba akaunti imefungwa. Jumatatu alishinda kwenye tawi letu la pili akitikisa vitasa. Hakufungua mradi hata mmoja mpaka asubuhi hii.

"Mkono wangu mwenyewe," alisema. "Mimi ndiye niliyesema ifungwe. Wameifunga na maswali yangu ndani."

Akainuka kwenda kwa Fundi. Akaniomba nifuatane naye, nami nikachukua faili la barua nililokuwa nalo mkononi, ili nionekane nina shughuli.

Chumba cha Fundi kina feni mbili na kiti kimoja, ambacho amekalia yeye. Juu ya meza yake, ukutani, amebandika ile barua ya onyo. Neno Hapana amelipigia mstari mwekundu.

"Karibu, Mama Hapana. Leo umekuja na hapana ipi?"

"Mwanangu, kuna folda ya maswali imebaki ndani ya Maabara1. Naomba unitolee hiyo folda tu. Nyingine sihitaji."

"Maabara1?" Alijigusa sikio kama aliyeingiwa na maji. "Ile hatari kwa wagonjwa? Ile iliyotaka kunitoa kazini nikiwa na mtoto wa miezi miwili?"

"Hiyo hiyo."

"Basi folda haitoki hivi hivi. Lazima akaunti ifunguliwe, uingie wewe mwenyewe, uichukue."

Hiyo haikuwa kweli. Mwenye funguo zake angeitoa ile folda kwa dakika mbili bila kuifungua akaunti. Nililijua hilo wiki tatu baadaye kutoka kwa mtu wa kazi hiyo hiyo. Siku ile hatukujua, na yeye alijua kwamba hatujui.

Tai alikuwa amekwisha kufika, ameegemea mlango. Nyuma yake korido ilikuwa imejaa.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mama," Fundi alisema, akamsogezea karatasi na kalamu. "Andika ombi. Tarehe, saa, sababu, saini."

"Wa kuidhinisha si meneja?"

"Mimi?" Tai alifungua mikono. "Mimi najua kompyuta? Mtaalamu wa usalama ni wewe. Andika, muda unakwenda."

Aliandika akiwa amesimama, ameinama juu ya meza ya Fundi, kwa mwandiko wake ule wa vibandiko vya sampuli, kila herufi peke yake. Akatia saini. Fundi akalisoma ombi taratibu, kisha akaliweka chini ya kibodi.

"Bado kitu kimoja. Nitakuuliza swali, unijibu kwa neno moja, kama unavyopenda. Je, unataka akaunti ya hatari ifunguliwe?"

Mtu mmoja huko nyuma alianza kucheka kabla ya wakati.

"Mwanangu, saa tano imepita."

"Neno moja tu."

"Ndiyo," alisema.

"Sijasikia. Na walioko nje hawajasikia."

"Ndiyo."

Korido ikalipuka. Wakapiga makofi. Binti wa mapokezi akarudia, "Ndiyo! Jamani, kasema Ndiyo!" na wengine wakalipokea kama kiitikio cha wimbo. Yeye alisimama pale, mikono imeshikana mbele, akimtazama Fundi mpaka alipobofya.

Saa tano na dakika kumi na nne Maabara1 ikafunguliwa. Aliingia, akaipata folda, akainakili kwenye seva, mahali pasipo pa mtu mmoja, akatoka. Saa tano na dakika ishirini na tano ikafungwa. Dakika kumi na moja. Akarudi kwenye meza yake, akaielekeza programu kwenye folda mpya, akafungua Mapokezi.

Maswali mia mbili na kumi na manne yakatokea, na majibu yakajipanga kila moja mahali pake. Akafungua Damu. Akafungua Vimelea. Yote tisa ikawa imejaa. Hakushangilia. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena.

Tai alipokuja kutazama, yeye alikuwa tayari kwenye swali la kumi na saba.

"Meneja, hili nalirudisha. Niliandika akaunti imefungwa tangu tarehe 7. Leo imefunguliwa dakika kumi na moja. Inabidi niseme."

"Usiguse kitu."

"Ni mstari mmoja tu."

"Mama, yamerudi, yaache. Unataka yapotee tena mkaguzi akiwa mlangoni? Usiguse kitu. Hiyo ni amri, na jirani yako amesikia."

Nilikuwa nimesikia. Yeye aliutoa mkono kwenye kipanya, akauweka mapajani. Katika miaka miwili, hiyo ndiyo iliyokuwa mara yake ya kwanza kuacha jibu ambalo alijua si kweli. Aliliacha kwa ajili ya zamu za Jumatano na Jumamosi. Aliniambia hivyo mwenyewe, wala sikuwa nimemuuliza.

Mkaguzi alifika saa nane kamili. Mwanamke mwembamba, sauti laini, viatu visivyolia. Alikaa na miradi ile kwa saa moja na nusu, akifunua ushahidi mmoja mmoja. Akasema hajaona maabara iliyojikagua kwa ukweli namna hii, na kwamba Hapana zilizoandikwa vizuri zinamsaidia kuliko Ndiyo za bure. Mama Hapana aliinamisha kichwa. Nilidhani mambo yamekwisha.

Kisha mkaguzi akafika swali la kumi na saba, akaomba orodha ya mfumo inayoonyesha akaunti zilizofunguliwa na kufungwa. Fundi hakwenda kuichapisha. Alikuwa nayo tayari kwenye bahasha, na ile barua ya ombi imebanwa juu yake.

Mkaguzi akasoma yote mawili, akarudia.

"Jibu hapa linasema akaunti imefungwa tangu tarehe 7. Orodha inasema ilikuwa wazi leo. Saini hii ni ya nani?"

"Ni yangu," alisema Mama Hapana.

"Na jibu hili uliliacha ukijua?"

"Niliambiwa nisiliguse."

"Na nani?"

Alimtazama Tai. Tai alikuwa anaikunja tai yake na kuikunjua. "Mimi barua hiyo naiona sasa hivi," alisema, "pamoja na wewe."

Hapo mama akageuka akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama kando ya kabati, nimeitwa kuleta kumbukumbu za vikao. Nilikuwa na faili mkononi. Nikalitazama faili.

Mkaguzi alingoja kidogo, kisha akaandika. "Kosa la akaunti lingekuwa dogo," alisema kwa ile sauti yake laini. "Ungeandika Hapana na sababu, ningelipita. Lakini taarifa isiyo kweli siwezi kuiita jina lingine. Samahani, mama."

Maabara ilipita. Taarifa ya mkaguzi ilikuwa na doa moja tu, na doa hilo lilikuwa na jina la mtu. Saa kumi na robo Tai alimwita ofisini, mlango ukabaki wazi.

"Mkataba haupo. Kesho uje saa mbili ukabidhi, saa tatu uwe umetoka. Na usinitazame hivyo. Miaka miwili umewaandikia wenzako Hapana. Leo umeandikiwa wewe."

Tulirudi mtaani kwa njia moja, yeye mbele, mimi nyuma hatua kama thelathini. Jua lilikuwa bado juu. Mumewe alikuwa kibarazani na redio yake. Kila jioni humtania kwa maneno yale yale, na siku hiyo nilimsikia nikipita.

"Mama Mapacha, leo umesema hapana ngapi?"

"Leo hata moja," alijibu.

"Ah! Basi umeanza kujifunza kuishi na watu." Akacheka mwenyewe, akaongeza sauti ya redio.

Jumatano, tarehe 12 Machi, hapakuwa na mvua. Alifika saa moja na dakika arobaini, akaifuta meza ingawa ilikuwa kavu. Akafungua Mapokezi, akaenda swali la kumi na saba, akafuta Ndiyo. Akaandika: *Hapana. Akaunti ilikuwa wazi tarehe 11 Machi, saa tano na dakika kumi na nne mpaka saa tano na dakika ishirini na tano, kwa ombi langu.* Penye ushahidi akaiweka barua yake mwenyewe. Hakumtaja Tai wala Fundi. Wala hakunitaja mimi. Akafanya hivyo kwenye miradi yote tisa, kisha akaifunga yote na kuifungua tena mmoja mmoja, kuhakikisha imejaa.

Akamwandikia atakayekuja nusu ukurasa, akimweleza maswali yanakaa wapi sasa na afanye nini miradi ikifunguka mitupu. Akaibandika kwenye ubavu wa skrini. Kitambulisho cha kazi akakiweka juu ya meza ya Tai, ambaye alikuwa hajafika. Alipopita kwenye meza yangu alisema, "Jirani, dirisha hili mvua ikija sogeza mashine," akaendelea kwenda.

Kadi ya matibabu hakuiacha. Ilikuwa hai mpaka mwisho wa mwezi, maana yake zamu sita, na ya kwanza ilikuwa saa nne asubuhi hiyo. Saa tatu kasoro dakika tano alitoka getini kwenda kumchukua mumewe.